Folio 31, Upande wa Pili

Mliponiomba niandike machache ya kazini kabla sijayasahau, nilicheka. Miaka thelathini na ushei nimelipwa kutunza kumbukumbu za watu wengine, na hakuna siku mtu aliuliza kama nina zangu. Haya, ninazo. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yamo kwenye jalada langu binafsi, na ninyi mliobaki masijala mtalisoma hata nikikataa.

Siku ya kwanza niliripoti kwa Mzee Lukasi, mkuu wa masijala katika wilaya niliyopangiwa nikitokea kwetu Iramba. Hakuniuliza cheti. Alinisogezea rundo la barua na mashine ya kutobolea, akasema, "Toboa." Nikatoboa. Alipoziinua barua zangu dirishani, matundu yalikuwa yamekaa kila moja na lake, mengine juu, mengine chini. "Kijana," akasema, "ukivaa shati ulilofunga vifungo hivi, mama yako atakuruhusu utoke nje?" Wiki nzima nilitoboa karatasi chakavu mpaka mkono ukajua katikati ya karatasi bila kupima.

Ndiye aliyenifundisha folio. Kwa wageni wa kazi hii: kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba kwa wino mwekundu, kona ya juu kulia, na namba hiyo ndiyo folio yake. Ikishaandikwa, karatasi haitoki tena, iwe nzuri au mbaya, iwe inakusifu au inakufukuza kazi. "Ukishaipa namba umeibatiza," alikuwa akisema Mzee Lukasi. Alikuwa Mlutheri wa kujitoa, na mfano ule hakuutumia kwa utani.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna jalada la mgogoro wa mpaka tulilitafuta wiki tatu, maafisa wakigombana, mimi nikiambiwa nimelificha. Tukalikuta jikoni, limewekewa sufuria ya ugali. Mpaka leo barua ya msingi ina duara jeusi juu ya saini, na wakili mmoja aliwahi kuuliza kama ule ni mhuri. Kuna panya waliopenda gundi ya majalada ya zamani kuliko mahindi. Kuna afisa aliyekuwa akiandika dokezo kwa penseli ili kesho aweze kukana. Huyo nilimtibu kwa kuficha penseli zote.

Bariadi ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, nikahamishiwa huku. Majalada yalikuja na lori lililokuwa limebeba pamba, na kwa miezi kadhaa ukifungua barua unakuta nyuzi nyeupe kwenye kona. Ofisi zilijaa watu kutoka kila pembe ya nchi. Mchana tulifanya kazi. Jioni kila mtu alirudi kwenye chumba chake cha kupanga akasikiliza majirani wakizungumza Kisukuma, asielewe kitu. Sitawadanganya, miaka ile ya mwanzo nilikuwa mpweke. Kazi ya masijala nayo haikusaidii kuchangamka. Unapokea, unatoboa, unaandika namba, unapeleka, unarudisha.

Aliyetuamsha ni Rehema, katibu muhtasi, mama wa Muheza mwenye sauti ya kusikika mpaka lango kuu. Jumatatu moja alikuja na simu yake mkononi. Alikuwa ameona huko mtandaoni watu wa nchi mbalimbali wanaopeana mchoro mmoja kila wiki, kila mtu anauchora kwa namna yake, halafu wanaonyeshana.

"Chalenji," akasema. "Na sisi tutafanya. Akili zetu zimelala jamani, zinakoroma kabisa."

"Mama Rehema, mimi sijui kuchora," nikamwambia.

"Ndiyo maana unaalikwa, Mzee Anselmi. Wanaojua wana kazi zao."

Sheria zake zilikuwa chache. Jumatatu anatajwa mchoro wa wiki. Kalamu ya bluu tu, hakuna kufuta. Karatasi ni zile nakala zilizoharibika kwenye mashine, unatumia upande mweupe. Ijumaa saa nne, wakati wa chai, kila mmoja anaweka wake kwenye trei ya zamani juu ya kabati langu, tunazipanga mezani na kutazama. Hakuna mshindi, hakuna zawadi. Rehema aliita vitu hivyo ruwaza. Sisi wengine tuliita maua, hata yalipokuwa mistari mitupu.

Wiki ya kwanza ilikuwa magamba ya samaki. Mimi nilichora masanduku. Wiki ya pili ilikuwa mawimbi. Nikachora masanduku yaliyoinama. Rehema alisema ninachora kama mtu anayepanga majalada, na hakukosea. Lakini kitu kikaanza kunitokea. Nilianza kuona. Nikitembea kwenda sokoni nilitazama jinsi wauza nyanya wanavyopanga mafungu, jinsi matofali yanavyoshikana, jinsi mchwa wanavyochora ukutani. Wiki ya mistari ya mshazari ndiyo iliyonipa wazo ambalo ninyi mnalitumia mpaka leo mkidhani lilitoka semina. Ule mstari mwekundu unaoteremka kwa mshazari juu ya migongo ya majalada yote ya rafu moja, ili jalada likirudishwa mahali pasipo pake mstari ukatike na jicho lione mara moja, ulianzia kwenye karatasi iliyoharibika. Tangu hapo hatukupoteza tena jalada kwa wiki tatu.

Sasa nimlete Minza, maana bila yeye haya yote ni porojo. Mwenyewe ameniruhusu niyaandike.

Minza alikuwa mhudumu wa ofisi, mama wa makamo kutoka Zagayu, kwenye familia ya wakulima wa pamba. Alipika chai, alifuta meza, alibeba majalada kutoka masijala kwenda kwa Mkuu wa ofisi na kuyarudisha. Aliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka uliongezwa. Asubuhi alipita akisema, "Mwangaluka, mzee," akiinama kidogo, nami najibu, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, na hapo Kisukuma changu kinaishia. Katika daftari la mahudhurio wote tulitia saini. Yeye alibonyeza kidole gumba kwenye kidau cha wino. Nilidhani hakusoma. Sikuwahi kuuliza.

Wiki ya nne ya chalenji alisimama mlangoni na birika akitazama karatasi zetu. Rehema akampa kalamu. Minza aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, akaondoka nayo. Ijumaa akaleta karatasi yake, imejaa kutoka kona mpaka kona, nukta na vijistari vilivyoshikana vizuri hata tukasogea wote kutazama. Sisi tuliandika majina chini ya michoro yetu. Yeye aliweka alama ndogo tu, msalaba wenye mguu mmoja mrefu. Kuanzia hapo hakukosa wiki. Alichora jikoni maji yakichemka, na tukaanza kumwona akicheka.

Ndipo nikapokea, kwenye kazi yangu ya kawaida, karatasi moja ya kuweka katika jalada lake binafsi. Yalikuwa maoni ya utumishi kuhusu mkataba wake uliokuwa unaisha. Kwamba mhusika hawezi kusoma wala kuandika, kwamba wahudumu sasa wanatakiwa kuweza kujaza kitabu cha kusambazia barua, na kwamba haipendekezwi aongezewe. Kilichobaki kilikuwa uamuzi wa Mkuu. Niliipiga namba, folio 12, mkono ukiwa mzito. Mtunza kumbukumbu husoma mengi na husema machache. Hiyo ndiyo kazi. Minza akaniletea chai nikashindwa kumtazama usoni. Alikuwa na watoto wawili sekondari na hakuwa na mtu mwingine wa kumsaidia.

Wiki hiyohiyo mchoro ulikuwa mistari isiyogusana. Na wiki hiyohiyo, mimi niliyejigamba kwa miongo mitatu kuwa sijawahi kukosea folio, nikakosea.

Mjue ilivyokuwa. Minza alichorea nyuma ya nakala iliyoharibika ya barua ya ukarabati wa jengo letu. Upande wa mbele ilisomeka vizuri kabisa, ila pembeni wino ulikuwa umefifia. Trei yetu ya michoro ilijaa, karatasi moja ikateleza ikaangukia kwenye trei ya barua za kuwekwa. Nikaichukua, nikaona barua ya ukarabati, nikatoboa, nikaandika 31 kwa wino mwekundu, nikafunga uzi. Sikugeuza. Jalada la ukarabati likabebwa kwenda kwa Mkuu, na aliyelibeba ni Minza mwenyewe, akiwa hajui amebeba nini.

Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa Njombe, mkimya, anayesoma kila karatasi pande zote mbili. Ni maradhi ya nadra kwa wakubwa. Jalada liliporudi nikafungua karatasi ya madokezo, nikakuta mwandiko wake: "Folio 31, upande wa pili. Ni nini hiki, na ni cha nani? Nipate maelezo ya maandishi kutoka kwa mhusika kabla ya Ijumaa."

Nikamwita Rehema, nikafunga mlango.

"Chomoa," akasema papo hapo.

"Imeshapigwa namba."

"Namba, namba! Mwenzako anaenda kukosa kazi, wewe unalinda namba?"

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu folio 12. Alisema tu kwa kuwa anajua mkataba unaisha, ofisi nzima ilijua. Nikamweleza kwamba Mkuu ameshaona, kuchomoa sasa ni kuongeza kosa juu ya kosa. Rehema akazunguka chumba mara mbili.

"Basi sema ni wewe uliyechora. Umebakiza muda gani kustaafu? Watakufanya nini?"

Nikaona ni neno. Nilichukua karatasi nikaandika maelezo mazuri, mwandiko wangu ule wa kuinamia kulia ambao watu husifu, kwamba mchoro ni wangu na kosa la kuuweka jaladani ni langu. Tukamwita Minza tukamsomea. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika taulo la vikombe.

"Mzee," akasema, "wewe unachora masanduku tu. Nani atakuamini?"

Rehema alicheka, kisha akajizuia. Mimi nikasema, "Basi niandike kwa niaba yako. Wewe unieleze, mimi niandike, uweke dole."

"Nitaandika mwenyewe."

"Unajua kuandika?" Neno likanitoka kabla sijalipima.

Minza alikunja lile taulo mara mbili, akaliweka. "Nimemaliza darasa la saba. Siku yangu ya kwanza hapa niliandika jina langu kwenye daftari la mahudhurio. Wewe ulilitazama ukasema, 'Mama, hili ni jina au kuku amepita?' Wakacheka wote. Kesho yake nikaomba wino wa dole."

Nilitafuta siku hiyo kichwani, sikuipata. Naapa sikuipata. Nilichokipata ni sauti yangu mwenyewe, kwa kuwa ni kweli ndivyo ninavyosema. Nimewatania hivyo watu wengi na mara zote nilijiona mchangamfu. Kwa miaka yote ile mwanamke huyu alipaka kidole wino kila asubuhi kwa ajili ya mzaha wangu, na sasa folio 12 ilitaka kumfukuza kwa hicho kidole. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kazini, hata siku ya duara la sufuria. Nilitaka kusema samahani. Nikasema, "Kalamu hii hapa."

Aliandika akiwa amesimama, kwenye kona ya meza yangu, pole pole, ulimi umeshikwa na meno. Rehema alitazama dari. Mimi nilitazama ule mkono. Wiki zote zile za nukta na vijistari zilikuwa zimeuzoesha kalamu. Alipomaliza, yalikuwa haya, na nayanakili kama yalivyo:

"Mimi Minza ndiye nilichora. Ni shamba la baba la pamba mistari inazunguka kisiki. Nilizani karatasi imekwisha kazi. Kalamu ni ya ofisi nimeirudisha. Samahani kwa serikali."

Nikaandika na mimi maelezo yangu, ya kweli safari hii, kwamba nilipiga namba bila kugeuza. Yangu yakawa folio 32, yake 33. Jalada likapanda. Alilibeba yeye, na siku hiyo alijua amebeba nini.

Tuliitwa siku iliyofuata, mimi na yeye. Mkuu alikuwa ameweka majalada mawili mbele yake, la ukarabati na jingine jembamba nililolitambua kwa rangi. Minza alipiga goti kidogo kusalimia kama wanavyofanya kwao, kisha akasimama wima.

"Folio 33 umeandika wewe?"

"Mimi, mzee."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna. Huyu alinipa kalamu."

Mkuu akaifunua folio 31, akaigeuza upande wa pili, akaitazama kwa muda mrefu. Mistari ilishuka sambamba ukurasa mzima, ikakifikia kile kisiki, ikakizunguka bila kugusana, ikaendelea. Akaweka kidole mahali fulani karibu na chini.

"Hapa mstari umeyumba. Kwa nini?"

"Hapo ulipiga kengele ya chai," akasema Minza.

Nilitazama ile kengele ndogo ya mezani, naye akaitazama. Kisha mabega ya Mkuu yakaanza kutikisika, na ndiyo mara pekee nilimwona akicheka katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Alipojikusanya alivuta lile jalada jembamba, akaandika mistari michache, akanikabidhi yote mawili. Kwangu alisema neno moja tu: "Uwe unageuza."

Masijala nilifungua jalada la Minza. Sijawahi kumwonyesha mtumishi jalada lake binafsi. Hairuhusiwi, na wengi nimewakatalia hata walipolia. Siku hiyo nililiacha wazi mezani mbele yake, nikaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa. Nikamsikia nyuma yangu akisoma kwa sauti ya chini, neno moja moja. "Rejea maoni ya folio 12 kwamba mhusika hawezi kuandika. Nimesoma maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake. Nakala yake iwekwe humu. Aendelee."

Kisha akauliza, "Aendelee nani?"

"Wewe, mayu."

Alivuta kiti changu akakaa. Hakuwa amewahi kukaa masijala tangu aajiriwe. Alikuwa akisimama mlangoni. Alifunika uso kwa viganja, na mimi nikabaki nimesimama kama mgeni ofisini kwangu. Nilipoona mabega yametulia nikasema, "Minza, unisamehe."

"La karatasi?"

"La kuku."

Alifuta macho kwa upindo wa kitenge. "La karatasi nimesamehe," akasema. "La kuku bado." Akainuka akaenda kuweka maji ya chai.

Nakala ya folio 33 niliitoa mwenyewe, nikaitoboa katikati kabisa, nikaipa namba katika jalada lake. Mkilifungua mtaikuta, na ile "nilizani" imebaki vilevile. Afisa mmoja alitaka isahihishwe kabla ya kuwekwa. Nilimwambia asahihishe za kwake kwanza, ninazo nyingi.

Siku hizi mna mfumo wa kompyuta, barua zinaingia kwa kubonyeza, na nasikia hakuna tena upande wa pili wa kusahau kuugeuza. Sina ugomvi nao. Ila nasikia pia chalenji ya Jumatatu mmeiacha kwa sababu karatasi zimepungua. Tafuteni. Hata risiti ina mgongo.

Jumatatu iliyofuata mambo yale, Rehema aliingia na simu yake ili atutajie mchoro wa wiki, kisha akabadili mawazo. Akasema safari hii ataje Minza. Tulikuwa sita mezani, Minza akiwa na trei ya vikombe. Aliiweka chini bila haraka, akatutazama wote, akamalizia kwangu.

"Nyayo za kuku," akasema.

Waliojua kisa walikohoa. Mimi nilichukua karatasi, nikaigeuza mara mbili, nikachora nyayo wiki nzima, jioni baada ya jioni, kwenye chumba changu cha kupanga. Nilijaza ukurasa. Ijumaa saa nne niliuweka mezani wa kwanza, na nakiri nilikuwa najisikia. Minza aliuinamia akaukagua mstari kwa mstari kama Mkuu anavyokagua madokezo, kisha akachukua kalamu mkononi mwangu.

"Kuku ana kidole cha nyuma pia, mzee," akasema. "Umekisahau kote." Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu yangu, akaanza kunionyesha kinavyochorwa.